Kila Mtoto Achore Kwanza Nyumbani Kwao

Mazungumzo ya redio juu ya amani, Kisangani. Yamechapwa ili yasomwe tena katika familia zilizohama makwao, kwa wakubwa wa kartie na viongozi wa vijiji, na katika vikundi vya wasikilizaji.

Ninawasalimu ninyi mlio ng'ambo ya mto, Lubunga, na ninyi wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na komini ya Kisangani. Kwa namna ya pekee ninazisalimu familia zilizoacha nyumba na mashamba, ambazo zinatusikiliza zikiwa kwa ndugu, kwa rafiki au chini ya turubai. Poleni sana.

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: watoto wa shule wanaochora hadithi za picha, zile tunazoziita bede. Najua mama mmoja atasema: "Mwalimu, sisi tunatafuta chakula na pesa za masomo, nawe unatuletea michoro?" Mama, swali lako ni la haki. Nivumilie kidogo, nitalijibu.

Nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe darasani. Ninafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi. Baada ya matatizo ya Lubunga nilipokea watoto wapya wengi. Siku moja niliwaambia wote wachore picha ya "jirani yangu". Mtoto mmoja alichora mtu mwenye meno marefu, panga mkononi, na nyumba inayowaka nyuma yake. Juu yake aliandika jina la kabila. Nikamwuliza: "Mtu huyu umemwona wapi?" Akajibu: "Sijamwona, mwalimu. Wanasema nyumbani."

Kwenye benchi hilo hilo aliketi mtoto wa kabila lililoandikwa. Aliitazama picha, hakusema neno, akafunika daftari lake kwa mkono. Mimi niliichukua ile karatasi na kumkaripia aliyechora. Nilikosa mara mbili. Aliyechora alijifunza kuficha tu, hakujifunza kitu kingine. Na yule aliyechorwa alibaki na ile sura mbaya moyoni, bila mtu wa kumpa nafasi ya kujibu.

Wazazi wenzangu, mtoto huyo hakuibuni picha ile. Tulimpa sisi wakubwa, jioni, tukiongea tukidhani amelala.

Tusidhani kwamba picha ni mchezo tu. Katika nchi jirani ya Rwanda, gazeti liitwalo Kangura lilianza kutoka mwaka 1990. Pamoja na maneno makali, lilichapa katuni za kuwadhihaki na kuwadhalilisha Watutsi, na hata asiyejua kusoma aliweza kuzielewa. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimhukumu mwenye gazeti hilo.

Na sisi Wakongomani tulichorwa na wengine. Mwaka 1930 na 1931 Mbelgiji Hergé alichapa, katika gazeti la watoto la huko Bruxelles, safari ya Tintin katika Kongo. Yeye mwenyewe alikuwa hajakanyaga hapa. Alituchora kama watu wenye midomo mikubwa na akili za kitoto, na watoto wengi wa Ulaya walikua na sura hiyo ya kwetu vichwani mwao.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Mwaka 1959, katika mji huu huu, ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, alizaliwa Barly Baruti. Amekuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa bede katika Afrika, na huko Kinshasa alianzisha karakana ya kuwafundisha vijana sanaa hiyo. Mwaka 2014 alitoa, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, kitabu cha picha juu ya vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, kiitwacho Madame Livingstone. Humo Kongo imechorwa na mkono wa Mkongomani. Tofauti ya vitabu hivi viwili haiko katika ufundi peke yake. Mmoja alichora watu aliosikia habari zao. Mwingine alichora kwao. Hilo ndilo neno langu la leo: kila mtoto achore kwanza nyumbani kwao, na yule atakayechorwa na mwingine apewe nafasi ya kujibu.

Sasa tuje kwenye kidonda chetu. Mwezi wa Februari 2023 upande wa Lubunga yalianza mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, kwa sababu ya ardhi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakavuka mto au wakakimbilia porini. Wazee wengi hapa walikwisha kuona vita. Hawajasahau zile siku 6 za Juni 2000, majeshi ya nchi mbili za kigeni yalipopigana katikati ya mji wetu na mamia ya raia wakafa. Lakini safari hii maumivu yalikuwa ya namna nyingine, maana waliopigana walikuwa wameoana, wamezikana, na watoto wao waliketi benchi moja.

Nitawaambia jambo ambalo watoto wengi hawajui, na pengine hata baadhi yetu. Baadhi ya wataalamu wa lugha za Kibantu huziweka Kimbole, Kilengola, Kimituku na Kienya, ile lugha ya Wagenia wetu wa maporomoko, katika kundi moja. Mwalimu akiwaambia watoto waandike chini ya picha jina la moto, la maji, la mkono, kila mmoja kwa lugha ya bibi yake, kisha wayasome kwa sauti, watasikia wenyewe yanayofanana na yanayotofautiana. Wala si lazima yafanane yote. Tofauti nayo ni mali. Mji huu unaongea Kiswahili na Lingala sokoni, na jioni kila mtu anarudi kwa lugha ya mama yake, na hakuna aliyepungukiwa.

Je, kazi hii hufanyikaje? Njia nitakayoieleza sikuibuni mimi. Chama cha World Comics cha nchi ya Finland, pamoja na mchoraji Leif Packalén, kiliitumia Tanzania na Msumbiji, na huko India Sharad Sharma aliieneza hadi vijijini. Wanaochora ni watu wa kawaida, si mafundi. Hadithi huwa na picha 4 tu, juu ya karatasi 2 za kawaida zilizounganishwa, kisha hubandikwa ukutani mahali watu wanapopita. Gharama yake ni karatasi, kalamu ya risasi, na biki nyeusi. Sisi tumeifuata hivi.

Kwanza, kila mtoto anachora kwao. Kunapikwa nini: lituma, fufu na sombe, samaki? Mtoto anamsalimu babu namna gani? Mgeni akifika jioni anapewa nini? Usiwaambie wachore "kabila langu". Waambie wachore jiko la mama, maana mtoto anajua jiko, hajui kabila.

Pili, anaipanga hadithi katika picha 4: mwanzo, shida, walichofanya, mwisho. Shida iwe ndogo, ya kila siku. Kwa mfano, mtoto ametumwa sokoni, toleka aliyopanda imepasuka tairi, mvua inakuja, na mtu asiyemjua anamwita akae chini ya paa lake.

Tatu, anabadilishana karatasi na mwenzake wa kabila lingine. Mwenzake haruhusiwi kusema "vizuri" wala "vibaya". Anaruhusiwa kuuliza maswali 3 tu, na mwenye picha anajibu.

Nne, wawili wanachora hadithi moja yenye watu wawili ndani yake. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na hapa ndipo ina faida, kwa kuwa ni lazima wapatane mwisho utakuwaje.

Na kuna sheria moja tumeiongeza sisi. Wazee Walokele wananifahamu nikisema juu ya lokole, ngoma yao ya mti. Katika ngoma maneno mengi yana sauti moja, kwa hiyo mpigaji huongeza sentensi nzima ili msikilizaji asipotee. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Picha nayo ni hivyo hivyo: peke yake inaweza kudanganya. Basi chini ya kila picha inayomhusu mtu mwingine, mtoto anaandika neno moja kati ya mawili: "Niliona" au "Niliambiwa".

Tuwe waangalifu hapa. Wako watoto ambao kweli waliona. Waliona nyumba yao ikiwaka, waliona baba akianguka. Mtoto wa namna hiyo akichora moto, hiyo si chuki, ni ushahidi wa moyo wake. Asikaripiwe, asiambiwe "sahau". Na asilazimishwe kuchora vita hata siku moja. Akianza mwenyewe, mtu mzima akae karibu naye, amsikilize. Akilia, karatasi iwekwe kando.

Na jambo lingine nililijifunza kwa aibu. Nilibandika michoro ukutani bila kuuliza mtu. Jioni mama mmoja aliyehama alinijia: "Mwalimu, tafadhali ondoa ile picha. Mtoto amechora nyumba tuliyofikia, na mti ulio mbele yake. Kila mtu atajua tuko wapi." Niliiondoa papo hapo. Tangu siku ile hakuna picha inayotoka darasani kabla mtoto na mzazi wake hawajakubali, na haibebi jina la ukoo wala mahali pa kulala.

Sasa nirudi kwa yule mama aliyeniuliza habari ya chakula. Mama, michoro haitaleta unga. Wala haitamaliza mambo ya ardhi. Mipaka ya mashamba ni kazi ya wachifu, ya mahakama na ya Serikali, na ni lazima waifanye kwa haki. Tusiwatwike watoto mzigo huo. Lakini mtoto wa miaka 10 hana shamba analogombania. Anachorithi kwetu leo ni sura ya jirani. Tukimwachia sura ya meno na panga, basi hata siku ile ardhi itakapopatiwa suluhu, vita vitakuwa vimekwisha kupata askari wapya.

Mtaniuliza yule mtoto wa kwanza aliishia wapi. Nilifanya kazi hii upya, nikianza na jiko. Alimchora bibi yake akifunika chungu kwa majani. Mwenzake wa benchi akauliza: "Kwa nini anafunika kwa majani?" Akajibu. Yule akasema: "Na bibi yangu pia." Walicheka kidogo, kila mmoja akarudi kwenye karatasi yake. Mwisho wa juma aliniomba ile picha yake ya zamani. Nilidhani ataichana. Aliandika chini yake "Niliambiwa", akanirudishia. Sisemi kwamba wamekuwa marafiki. Ninasema kwamba mtoto huyo sasa anajua kutenga alichokiona na alichosikia, na wakubwa wengi hatujui.

Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu. Wakubwa wa kartie na wachifu, wapeni walimu chumba na saa mbili kwa juma, nanyi mje kutazama, mkiwa wa makabila yote mawili, mketi pamoja. Wazazi mliohama, msiwanyime watoto wenu nafasi hii kwa kuona kwamba mko ugenini. Mtoto anayechora kwao hapotezi kwao. Na sisi sote, jioni tukiongea habari za jirani, tukumbuke kwamba yupo aliyelala karibu, na kesho atashika kalamu.

Mungu atujalie amani.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

1. Mtoto wako akichora jirani wa kabila lingine, unadhani atachora nini? Alikipata wapi?

2. Katika habari tunazopeana juu ya wenzetu, ni zipi tuliziona na ni zipi tuliambiwa?

3. Ni nani katika kartie yetu anayeweza kukaa na watoto wanaochora, ambaye wazazi wa pande zote wanamwamini?