Tofauti haiko mu miguu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na wafadhili, mu mkutano wa shirika letu hapa Lubumbashi. Msemaji anafanya kazi na familia za wenye kurudi, ku barabara ya Pweto. Tumeyaacha ginsi yalivyosemwa, salamu tu ndizo tumepunguza.



Komite imeniomba nijibu ombi la vijana. Wote mnalijua. Vijana wanataka mfuko wa shirika uwasaidie kufanya matembezi ya mlimani: siku ine ao tano, kulala mu vibanda vya mlima, na kupita mpaka wa inchi mbili kwa miguu. Wameona picha mu telefone, na wanauliza kama mtu ambaye hajapanda mlima hata siku moja anaweza.

Mu mkutano uliopita mama mmoja mzee alisimama akasema: «Shiye tulivukaka mupaka na miguu juu ya vita, batoto ku mugongo, bunga ku kichwa. Leo munataka tulipe franga juu ya kutembea tena?» Watu walicheka. Lakini swali lile si la kuchekesha, na sitaki tulipite pembeni. Nitajibu kwanza vijana, kisha nitajibu Mama.

Anayeanza anaweza?

Ndiyo, anaweza, kama njia imegawanywa vizuri. Nitatoa mfano wa mlima ambao wafanyabiashara wetu wa Dar es Salaam wanausikia kila mara: Kilimanjaro. Mlima ule una njia nyingi za kupanda, lakini moja tu ina vibanda vya kulala, ni njia ya Marangu. Unaanza ku mlango wa parke, karibu na metre 1900. Siku ya kwanza unatembea ndani ya pori mpaka Mandara, metre 2720. Siku ya pili unafika Horombo, metre 3720. Kisha Kibo, metre 4720. Muone hesabu ile: kutoka kibanda mpaka kibanda ni metre 1000. Kila jioni kuna paa juu ya kichwa na kitanda cha kulala. Mwongozaji ni lazima, hakuna kupanda peke yako. Wapagazi wanabeba mizigo mikubwa, wewe unabeba maji, koti ya mvua na chakula cha mchana.

Njia ile haiombi kamba wala kuparamia mawe. Kinachoangusha watu pale ni haraka. Hewa inapungua, kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, mtu anaanza kuyumba. Kijana mwenye kucheza mpira kila siku anaweza kushindwa, na mama wa miaka hamsini akafika, sababu yeye alienda polepole na alikunywa maji. Ndiyo maana wengi wanalala Horombo siku mbili, mwili uzoee. Na dalili zikizidi, dawa ni kushuka. Hakuna kungoja kesho, ni saa ile ile, hata kama ni usiku.

Kwa hiyo, kijana anayeanza ningemwambia asitafute kilele. Kutoka Kibo kwenda Uhuru, metre 5895, watu wanaondoka usiku wa manane mu baridi kali, na wengi wanarudia njiani. Mtu akifika Horombo, akalala, akashuka salama, amefanya matembezi kamili.

Na mpaka?

Njia ya Marangu inapanda Tanzania na inashuka Tanzania, haivuki mpaka. Kwa wanaopenda kuvuka, mfano unaojulikana sana uko Ulaya: kuzunguka mlima Mont Blanc. Ni karibu kilometre 170, siku kumi ao kumi na moja, mu inchi tatu: Ufaransa, Italia na Uswisi, na nyumba za kulala ziko njiani. Pale juu, fasi inayoitwa Grand Col Ferret, ku metre 2537, unaweza kuweka mguu mmoja Italia na mwingine Uswisi. Fasi ile iko chini kuliko hata kibanda cha kwanza cha Kilimanjaro, na hiyo ni sababu moja wenye kuanza wanaipenda. Lakini kwa mtu wa Lubumbashi, viza peke yake ni mlima mwingine.

Karibu yetu kuna Mlima Elgon, kati ya Uganda na Kenya. Ni volkano iliyozimika zamani. Unaweza kupandia upande wa Uganda, kutokea Budadiri, kupita mu mianzi, mpaka kilele cha Wagagai, metre 4321. Kisha unakata ndani ya lile bonde kubwa la volkano mpaka ku chemchemi za maji moto, karibu na fasi mto Suam unaanzia. Pale ndipo mpaka uko, na nyuma ya pale unashukia Kenya. Ni siku tano hivi. Kulala ni mu hema zaidi kuliko mu vibanda, na usiku baridi inauma, lakini njia yenyewe haiombi ufundi wa kupanda mawe.

Sasa sikilizeni ginsi mpaka ule unapitwa, sababu kwa sisi hapo ndipo kuna fundisho. Juu ya mlima hakuna biro ya kupiga muhuri. Mambo ya pasiporti yanapangwa chini, mbele ya kupanda. Walinzi wa parke ya Uganda wanakusindikiza mpaka ku mpaka, na walinzi wa Kenya, waliojulishwa siku nyingi mbele, wanakupokea. Hakuna hata saa moja ambayo hakuna mtu anayejua fasi ulipo. Na mtu ambaye hakujulisha, hapokewi.

Mlima wetu

Mtaniuliza: na Kongo? Kongo tuna Rwenzori. Kilele chake, Margherita, kina metre 5109, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita pale pale juu. Upande wetu njia inaanzia Mutwanga, mu teritware ya Beni, ndani ya Parke ya Virunga. Njia ina vibanda vyake: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Mtu asiye na ufundi wa barafu anaweza kutembea siku kadhaa mu njia ile, ndani ya pori na mawingu, bila kugusa kilele.

Lakini mnajua hali ya Beni. Kundi la ADF limeua watu mu vijiji vya chini ya mlima ule, na watu wa Mutwanga wenyewe wamekimbia mara nyingi. Leo siwezi kumwambia kijana yeyote wa shirika hili aende pale. Kibanda kinaweza kuwa na paa zuri, lakini kama barabara ya kukifikia haina amani, hakimsaidii mtembezi wala mwenye kukimbia.

Swali la Mama

Sasa nimefika ku Mama yetu. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, maelfu ya watu waliingia Zambia mu siku chache. Wengi walipelekwa mu kambi za Mwange na Kala. Wengi wenu mliorudi kati ya 2007 na 2010 mlitoka kule, wengine kwa barabara ya Pweto, wengine kwa mashua kutoka Mpulungu kwenda Moba. Halafu mwaka 2017 moto uliwaka tena huku Haut-Katanga na kule Tanganyika, wengine wakavuka, wakawekwa Mantapala, mu distrikti ya Nchelenge. Tangu Desemba 2021 wale wa Mantapala nao wameanza kurudi kupitia Pweto.

Mtu anayevuka Elgon anachoka, analowa mvua, miguu inatoka malengelenge. Yule aliyevuka Desemba 2000 naye alichoka na alilowa. Ukiangalia miguu tu, hutaona tofauti. Mtembezi anajua jioni atalala wapi. Kuna mtu anayemngoja upande wa pili. Ana karatasi mufukoni. Na akishindwa, ana ruhusa ya kurudi nyuma. Mwenye kukimbia hakuwa na hata kimoja kati ya vitu hivi vine.

Kwa hiyo Mama ana haki. Hakuna mtu atakayemwomba aite safari ile raha. Lakini naomba tuone pia kwamba franga ambazo watembezi wanalipa, wanazilipa juu ya vitu vile vile ambavyo yeye alikosa. Na vitu vile havikuumbwa kwa ajili ya milima. Tunaweza kuviweka ku barabara yetu wenyewe.

Barabara yetu

Familia ikitoka Pweto kuja Lubumbashi, inapita Kilwa, inapita Kasenga. Mu masika kamio inakwama mu matope. Wamama wanashuka, watoto wanalala chini ya kamio. Mu mvua zilizopita nilikuta pale Kasenga mama mwenye watoto watatu, amelala usiku mbili ku baraza la duka lililofungwa. Mtoto mdogo alikuwa na homa. Alisema hana mtu anayemjua mu muji ule. Lakini mu muji ule ule shirika letu lina wanamemba wawili, na nyumba ya mmoja si mbali na duka lile. Yeye hakujua kwamba wao wako, na wao hawakujua kwamba yeye yuko. Bunga ilikuwa mu nyumba, mukeka ulikuwa mu nyumba. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kupiga telefone.

Kwa sababu ile, mbele ya kusema juu ya mlima, ninapendekeza mambo mane.

La kwanza ni nyumba za kupokea: moja Pweto, moja Kilwa, moja Kasenga. Sisemi tujenge. Ninasema chumba kimoja mu nyumba ya mwanamemba anayekubali. Mfuko utoe mikeka, bulangeti, sufuria, ndoo ya maji, bunga na maharagi. Mwenye nyumba aandike mu kaye yake kila alichotumia, na mwisho wa mwezi mweka hazina amrudishie. Tusimwachie mwenye kupokea wageni deni, sababu mwezi wa pili atafunga mlango, na atakuwa na haki. Na orodha ya vitu vya kununua isifanywe na sisi wa biro. Ifanywe na wamama waliovuka, wao wanajua nini inakosekana saa mbili za usiku na mtoto mgonjwa.

La pili ni kujulisha mbele. Wa Pweto amwite wa Kilwa, wa Kilwa amwite wa Kasenga: watu wangapi wanakuja, watoto wangapi, kuna mgonjwa, kuna mama mwenye mimba. Ni kazi ya dakika tano, na inaomba inite za telefone tu.

La tatu ni karatasi. Mtoto aliyezaliwa Zambia afike na karatasi yake ya kuzaliwa ya kule, ifungwe mu plastiki, isilowe. Karatasi ya kurudia iliyotolewa kambini isitupwe. Na mtoto anayezaliwa huku aandikishwe ku eta-sivil mbele ya siku 90. Ndani ya siku zile ni bure. Zikipita, mambo yanaenda ku tribinali, na pale ndipo franga inatoka.

La ine ni ruhusa ya kupumzika na ya kurudi. Kule mlimani mgonjwa anashushwa, hasukumwi juu. Kwa sisi pia, kama mtoto ana homa Kilwa, familia ibaki Kilwa mpaka apone, hata kama ni juma moja. Na mtu akiona Lubumbashi haimwezi, akitaka kurudi Pweto ku shamba lake, asiitwe mwenye kushindwa. Tumsaidie kurudi.

Wafadhili wetu, ninajua nyumba mpya na kibao cha jina lenu ku mlango vinapendeza mu picha. Tunachoomba hakionekani mu picha: maharagi, mikeka, inite. Lakini mtaona mu zile kaye za wenye nyumba kila familia iliyolala, na usiku wake. Mnaweza kuja kuzisoma.

Na vijana?

Vijana, sikusema hapana. Nimesema mfuko wa msaada uanze na barabara. Matembezi ya nje mjipangie likelemba yenu, kila mwezi kidogo kidogo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, majirani wanafungua milango polepole, lakini pasiporti inabaki pasiporti, na bei yake mnaijua.

Mbele ya kwenda Uganda, anzeni na Kundelungu. Ni parke yetu tangu 1970, na ina maporomoko ya Lofoi, ambayo maji yake yanaanguka zaidi ya metre 300. Ombeni ruhusa na mwongozaji ku ICCN, mutembee siku mbili, mulale inje, muone nani anaenda polepole na nani ana haraka. Pale mtajua nani yuko tayari kwa mlima.

Tena ninawaomba kitu. Nyumba zile tatu zitahitaji watu wa kuzitembelea: kuhesabu bulangeti, kuangalia kaye, kuuliza mwenye nyumba kama amechoka. Hiyo ni kazi ya vijana wenye miguu mizuri. Nendeni wawili wawili, komite iwalipie kamio na chakula.

Leo komite itauliza tupige kura kwa mikono juu ya yale mambo mane. Wanamemba wenye ndugu Kilwa na Kasenga wanaoweza kutoa chumba, tafadhali wapeleke majina ku sekretere mbele ya kutoka. Mvua za kwanza haziko mbali, na ku Mantapala kuna watu ambao wamekwisha kufunga mizigo.