Kipimo Kinachomjua Mtoto Wetu

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi wa mtaa wa Pipeline, Embakasi Kusini)

Nimeombwa niseme kwa ufupi, kwa hivyo nitagusia jambo moja tu: kumpima mtoto.

Sizungumzii kilo. Kilo tunazijua. Nazungumzia kupima jinsi mtoto anavyokua katika mwendo, mikono, usemi na kufikiri. Hiyo ni kazi ya wanasaikolojia wa vipimo na takwimu, na mmoja anayeheshimika duniani ni Mkenya mwenzetu, Profesa Amina Abubakar.

Profesa Amina alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, lakini kazi iliyomjengea jina aliifanya Kilifi, katika mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust. Watafiti walitaka kujua malaria, utapiamlo na virusi vya UKIMWI vinaathiri vipi ukuaji wa mtoto. Ili kujua, lazima uwe na kipimo, na vipimo vingi vilikuwa vimetungwa Ulaya na Marekani.

Shida ni gani hapo? Baadhi ya vipimo vya ng'ambo huuliza: je, mtoto anaweza kupanda ngazi? Katika boma lisilo na ngazi hata moja, swali hilo linapima nyumba, halimpimi mtoto. Hapa Pipeline mambo ni kinyume. Watoto wetu wanapanda hadi ghorofa ya saba kabla hata hawajajua kulitamka neno "ngazi". Lakini waulize kuhusu kukimbia uwanjani. Uwanja uko wapi? Mtoto ataonekana amechelewa, kumbe alichokosa ni nafasi.

Profesa Amina na wenzake walitengeneza kipimo chenye jina la Kilifi, cha watoto wa miezi 6 hadi 35, na mwaka wa 2008 wakachapisha tathmini yake. Kinaangalia mwendo wa mtoto na jinsi macho na mikono yake inavyoshirikiana. Kabla ya kukiamini, walikijaribu: wapimaji tofauti wakimwona mtoto yuleyule, je, wanakubaliana? Akipimwa tena, je, jibu linabaki lilelile? Hizo ndizo hesabu za taaluma hii. Mwaka wa 2016 alipewa Tuzo ya Pfizer ya Royal Society ya Uingereza. Baadaye ameongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, hapa hapa Nairobi.

Wazazi, kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kipimo kizuri hakimsaidii mtoto aliyefungiwa nyumbani. Wengi wetu tukishamaliza chanjo ya surua ya miezi 9, kliniki hatuonekani tena. Ya miezi 18 tunaisahau. Mtoto akichelewa kutembea, jirani anasema ni mvivu, nyanya anasema amerogwa, nasi tunanyamaza kwa aibu.

Fungueni kile kijitabu cha kliniki. Hatua za ukuaji zimeandikwa humo. Mtoto wa miezi 9 ambaye hajaweza kukaa bila kushikiliwa, au wa miezi 18 ambaye hajatembea, mpeleke akaangaliwe. Huenda hana tatizo lolote. Akiwa nalo, kujua mapema ni nafuu kuliko kujua akiwa darasa la kwanza. Mwambie muuguzi ukweli pia: tunaishi chumba kimoja, mtoto hushinda kwa mlezi, hana pa kuchezea. Maelezo hayo ni sehemu ya kipimo.

Na sisi serikali ya kaunti hatuna pa kujificha. Katiba imetukabidhi elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Mkituuliza watoto wa Pipeline watacheza wapi, mna haki ya kujibiwa.