Damu Yetu Nayo Iandikwe



Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam bila kunyosha miguu. Siku ya tatu mguu wa kushoto ukavimba. Daktari akasema ni bonge la damu iliyoganda mshipani, nalo lingeweza kung'oka likazibe mapafu. Tangu hapo nikawa mtu wa kumeza wafarini na kupimwa damu. Hata mchicha, ambao sisi tusiokula nyama twautegemea, ikanibidi niule kwa kiasi kisichobadilika.

Katika matibabu hayo niliombwa damu kidogo kwa ajili ya utafiti. Nikakataa. Nimekulia katika hadithi za mumiani, neno ambalo, nadhani, lilivuka bahari pamoja na babu zetu. Msaidizi wangu wa dukani, Msukuma, aliyepatwa na maradhi hayohayo, naye akakataa. Alikuwa na haki hiyo. Lakini hakukataa kwa akili yake, alikataa kwa yangu. Jambo hilo limeniuma.

Baadaye nilimuuliza daktari kwa nini waitake damu yetu, hali Wazungu wamekwisha kupima yao. Akanieleza kwamba mwaka 1994 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walibainisha badiliko la kurithi liifanyalo damu igande upesi. Wazungu wapatao 5 katika 100 wanalo. Kwa Waafrika ni nadra mno. Lakini selimundu, tuiitayo sikoseli, iliyoenea Kanda hii ya Ziwa, huongeza hatari ya damu kuganda mapafuni hata kwa aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu.

Kisha akanitajia utafiti wa INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022. Ulihusu wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yake kukosa utaratibu. Kidonge kipya, rivaroksabani, kilikwisha kusifiwa kwa tafiti ambazo wengi wa wagonjwa wa namna hii hawakuingizwa. Matokeo yakawa kinyume cha matarajio: waliotumia dawa za zamani, jamii ya wafarini, walikufa wachache zaidi. Wale wangekataa kama mimi, nani angelijua hilo?

Utafiti halali nchini hupata kwanza kibali cha maadili, na mshiriki huelezwa kwa lugha aielewayo. Aweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Nanyi watafiti, nina neno kwenu: msichukue damu mkapotea. Rudini mtuambie mlichokiona.

Mwezi ujao narudi kliniki. Msaidizi wangu nimemwambia asikubali kwa sababu nimekubali mimi. Asome fomu, aulize, aamue. Amejibu kwamba atakwenda na mkewe, maana mkewe ndiye ajuaye kuuliza.