Mkate Uchemshwao Kabla ya Kuokwa

Leo nimekusudia kuwaelezeni namna ya kufanya nyumbani mkate uitwao begeli. Ni mkate wa mviringo wenye tundu katikati. Umetoka kwa Wayahudi wa Polandi, nao watajwa katika kanuni za jumuiya yao mjini Kraków za mwaka 1610. Wengi wao walipohamia New York mwishoni mwa karne ya 19, walikwenda nao. Huko waokaji walifanya kazi katika vyumba vya chini ya ardhi vyenye joto kali, wakiviringa kila mkate kwa mikono, hata miaka ya 1960 mashine zikaanza kuwapokonya kazi.

Mimi mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa na mgeni aliyelelewa New York, nikataka kumfurahisha. Nikaona kuchemsha mkate ni kupoteza kuni bure, nikautia tanurini vivi hivi. Mgeni alikula kwa adabu, akasema, "Mkate mzuri." Jina la begeli hakulitaja.

Basi, twaa unga wa ngano gramu 500, chumvi gramu 10, hamira kavu gramu 7, sukari kijiko kikubwa kimoja, na maji ya uvuguvugu mililita 280. Kinyunya chake ni kigumu kuliko cha maandazi. Mikono itauma, lakini usiongeze maji. Kanda dakika 10 hata kiwe laini kama ndewe ya sikio. Kifunike kwa muda wa saa moja, kisha ukigawe mafungu 8. Viringa kila fungu liwe kamba nene, ulizungushe kiganjani, ncha zipandane, uzigandamize mezani kwa kuzisukuma mbele na nyuma. Zisiposhikana zitaachana majini.

Aliye na jokofu na ailaze humo mpaka asubuhi, ikiwa imefunikwa, maana hamira ifanyayo kazi polepole huzidisha utamu. Asiye nalo angoje nusu saa hivi. Kisha utie mmoja katika bakuli la maji baridi: ukielea, tayari, ukizama, urudishe, ungoje tena.

Sasa yaja kazi ile niliyoidharau. Chemsha maji katika sufuria pana, utie kijiko cha asali, au cha kimea kama wafanyavyo waokaji wenyewe. Tia mikate mitatu mitatu, nusu dakika upande huu, nusu dakika upande wa pili. Maji ya moto huivisha unga wa nje tu, ukawa kama ngozi. Ngozi hiyo huuzuia mkate usifure mno ndani ya tanuri. Kwa hiyo ndani hushikamana, ukautafuna kwa meno hasa, na nje hung'aa. Wangu wa kwanza ulikuwa mwororo kama sifongo.

Ungali na majimaji, nyunyizia ufuta. Oka kwa digrii 220 muda wa dakika 20 hivi. Wasio na tanuri huweka makaa juu na chini ya sufuria. Hapo usiondoke, kwani chini huungua upesi.

Mgeni wangu alirudi baada ya mwezi. Nilimwekea begeli na siagi, nikajifanya nashughulika na chai. Akatafuna kimya kitambo, kisha akauliza kama mingine imebaki jikoni.

Kwaherini.