Medali 13, kuogelea sifuri

Msikilizaji, takwimu za michezo hufichua pia hali ya mifuko. Mwaka 2004 wachumi Andrew Bernard na Meghan Busse walionyesha kuwa idadi ya watu na pato la nchi hueleza sehemu kubwa ya mgawanyo wa medali za Olimpiki.

Tazama Uganda. Hadi Paris 2024 ilikuwa na medali 13: tisa za riadha, nne za ndondi. Basi. Kuogelea hakuna hata moja, ingawa mji wa Jinja umekaa pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Maji yapo tele. Kinachokosekana ni bwawa, kocha na ada ya kila mwezi. Kukimbia kunadai barabara tu, na mlima Elgon ukaongeza hewa yake nyepesi. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya mlima huo, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 huko Monaco mwaka 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35.36.

Ila hizo ni takwimu za waliofika. Mtoto wa Malukhu, pale Mbale, anayekimbia pekupeku kuwahi shule hapimwi na mtu. Muda wake utaandikwa akishafika kwenye shindano lenye saa ya kielektroniki, maana yake akishapata nauli na viatu. Orodha imechujwa na pesa kabla mtafiti hajaifungua! Mimi ningeanza na daftari la mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, niulize nani hakurudi muhula uliofuata, na alikuwa anakimbia kasi gani.