MLINZI WA MOSHI
Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya watu wa Kitengela



Leo nataka kuwapa habari za nyumba ndogo iliyojengwa juu ya miguu mirefu, na za mtu aliyekaa ndani yake. Kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kutazama moshi.

Katika mwezi wa Agosti 1910 moto uliteketeza misitu ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Kwa muda wa siku 2 ziliungua eka zipatazo 3,000,000, na watu wasiopungua 85 walikufa, wengi wao wakiwa ndio waliokwenda kuuzima. Baada ya msiba huo wakuu wa misitu walitambua ya kuwa moto mdogo huweza kuzimwa na mtu mmoja mwenye jembe, bali ukisha kukua hata jeshi haliuwezi. Basi wakajenga minara kwa maelfu juu ya vilele vya milima, na katika kila mnara wakamweka mlinzi. Mingi ya minara iliyosalia leo ni kumbukumbu tu, na wageni huipanda ili waone jinsi mtu yule alivyoishi peke yake.

Mtauliza, alijuaje mahali moto ulipo? Katikati ya chumba chake palikuwa na ramani ya mviringo yenye kipimo cha kulengea, kama mtu alengavyo bunduki. Aliulenga moshi, akasoma namba ya upande wake, akapiga simu. Mlinzi wa mnara wa pili alifanya vivyo hivyo. Tuchukue mfano wa kwetu: mtu mmoja asimame juu ya Ngong, na mwingine juu ya kilima karibu na Kajiado. Kila mmoja auone moshi ule ule, na kila mmoja achorewe mstari katika ramani. Pale mistari miwili inapokutana, ndipo penye moto.

Mimi sijaupanda mnara wa Marekani. Lakini nilitaka kujua mlinzi yule aliona nini, na kwetu mlima wenyewe ni mnara. Kwa hiyo nikapanda Ngong, penye kilele cha mita 2,460. Upepo wa huko ni mkali, na ndiyo sababu mitambo ya umeme wa upepo ilianza kusimamishwa huko mwaka 1993. Upepo huo huo ndio rafiki wa moto. Magharibi niliona Bonde la Ufa na mlima Suswa. Mashariki niliona tambarare zetu hizi, na mabati ya nyumba yakimetameta. Nikahesabu nyuzi 3 za moshi. Mmoja nilidhani ni wa mkaa, wa pili ni wa takataka, wa tatu sikuutambua. Niliutazama ukizidi kunenepa, nami sikujua nimwambie nani. Macho ninayo, simu ninayo mfukoni, lakini namba ya kupiga sina. Ukanipungua baadaye wasiwasi moshi ulipokonda, lakini aibu haikunitoka.

Tusidhani kwamba moto wa mbali si wetu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona. Habari za kwanza za wakuu wa hifadhi zilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu walipigana nao kwa siku nyingi. Sasa fikirini: misitu ya mlima ule hunasa ukungu na kuugeuza kuwa maji. Chemchemi za Nolturesh, upande wa Loitokitok, hutokana na mlima huo, na bomba lake huleta maji hata Kajiado na kuendelea kuelekea Athi River na Machakos. Anayechoma msitu huchoma mtungi wa jirani yake.

Siwalaumu wafugaji. Tangu zamani wazee wamechoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yachipue na kupe wafe. Lakini walichagua wakati, wakaupima upepo, na watu wakausimamia moto mpaka ukazimika. Ubaya ni moto usio na mwenyewe.

Siku hizi setilaiti hutazama mioto kutoka angani. Hata hivyo nyingi hupita juu yetu mara chache tu kwa siku, na mawingu huzifumba macho. Mchunga ng'ombe yuko malishoni mchana kutwa.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kila mtu apate namba ya kituo cha misitu kilicho karibu naye, na ya chifu wake. Aonapo moshi asioujua, aseme upo wapi kwa kutaja mto, kilima au barabara. Na awashaye moto asiondoke mpaka majivu yamepoa mkononi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Minara ya zamani ilikuwa na mlinzi mmoja mmoja. Sisi tu wengi.