WAPIMENI KWA KAZI, SI KWA PILAU!

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa Mafia waishio Mbagala, Dar es Salaam. Msemaji ni mzaliwa wa Ras Kisimani.)



Sikuja hapa kuwapigia debe. Debe mmekwisha pigiwa mpaka limetoboka. Nauliza moja tu: siku mama alipokupigia simu kutoka Kirongwe akasema, "Mwanangu, wamekuja wagombea, wote wanasema vizuri, nimpe nani?" wewe ulimjibu nini?

Najua mlivyojibu. Mmoja alisema mpe wa chama chetu. Wa pili akasema mpe aliyeleta jezi. Wa tatu, mjanja wa mjini, akasema wote wezi, kaa nyumbani upumzike. Huyo wa tatu vigogo wanampenda kuliko hata wapambe wao.

Kura yako iko huku ulikojiandikisha, sawa. Lakini hela ya unga inatoka kwako, kwa hiyo neno lako kule lina uzito. Na jimbo letu ni dogo: sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 kisiwa kizima, vichanga ndani. Kwenye jimbo la namna hiyo ukoo mmoja ukijipanga unasikika.

Wazee wa kwetu wana hadithi ya Kisimani na Kua. Merikebu ilishushwa majini, ikapitishwa juu ya watoto wa wageni. Waliofiwa wakanyamaza miaka, kisha wakaalika harusi. Wageni wakaja wamependeza, wakakaa, wakala, na huku nyuma mlango unajengwa kwa mawe. Nani alianza, tuwaachie wazee. Mimi kila nikiona sufuria la pilau la mgombea natazama kwanza mlango uko wapi.

Msidhani natania. Mwaka 2000 Bunge liliiingiza takrima katika sheria ya uchaguzi, yaani mgombea kukulisha ikawa ukarimu wa Kiafrika! Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Sheria imefutwa, masufuria bado yapo.

Sasa tuje kwenye kulinganisha. Mafia tumepata Abdulkarim Shah, mwaka 2015 akaja Mbaraka Dau, mwaka 2020 Omari Kipanga. Wote CCM. Maana yake ulinganisho mzito umefanyika kwenye kura za maoni za chama kimoja, na sisi wengine tunaletewa chakula kimeshapakuliwa. Kipanga akateuliwa Naibu Waziri wa Elimu. Watu walishangilia, na sikuwalaumu, mtoto wa kisiwani kupanda si jambo dogo. Lakini hebu fikirini: naibu waziri kazi yake bungeni ni kujibu maswali. Haulizi. Anaweza kumnong'oneza mwenzake wizarani, na pengine mnong'ono ukafanya kazi kuliko kelele. Ila mnong'ono wewe huusikii, hivyo huwezi kuupima. Mgombea yeyote anayetaka uwaziri aulizwe mapema: ukipata, swali la Mafia ataliuliza nani?

Na swali letu la kwanza ni bahari. Nyamisati hadi Kilindoni, kila mmoja hapa ana ndugu aliyevuka kwenye mashua huku anasoma shahada. Serikali imeleta kivuko cha MV Kilindoni, na mimi mpinzani nasema ahsante. Sasa mgombea akikuambia "nitaleta boti yangu", mkatae hapo hapo. Ubunge haukuumbiwa boti. Mbunge ana mdomo bungeni, ana kiti katika baraza la madiwani, na ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009. Aliyekuwa madarakani mwombe asome hadharani fedha za mfuko huo zilikwenda kijiji gani. Anayetaka kumtoa mwulize atazipeleka wapi. Akianza kukohoa, umeshapata jibu.

Jingine ni Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995. Sikiliza mgombea anasema nini Jibondo kwa wavuvi, kisha anasema nini Utende kwa wenye mahoteli. Ndimi zikiwa mbili, mtu ni mmoja.

Lakini na sisi wa mageuzi tujitazame. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, waulizeni kaka zenu habari ya Temeke mwaka 1996. Mbunge wa CCM aliachia kiti baada ya elimu yake kuhojiwa mahakamani, na jina lake likageuka neno la mtaani: kihiyo. Uchaguzi mdogo ukaja, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi dhidi ya Abdul Cisco Mtiro wa CCM. Mrema akashinda, Temeke ikalipuka kwa shangwe. Alikuwa amekuwa Naibu Waziri Mkuu, tulimjua kwa sauti na vishindo. Hatukumuuliza ugomvi wa ndani ya chama utaishaje. Mwaka 1999 akahamia TLP, na kwa Katiba yetu anayehama chama anapoteza kiti. Wapiga kura walifanya kosa gani? Walipima mtu, wakasahau kupima nyumba anayolala.

Najua mnachonong'ona pale nyuma: tulinganishe nani, wakati mwaka 2020 wapinzani walienguliwa hapa na pale kwa fomu, na mwaka 2025 Chadema haikuwemo kabisa kwenye karatasi? Ni kweli, na ni dhuluma. Ila kuna fomu tulizojiharibia wenyewe. Mgombea ubunge alihitaji wadhamini 25 waliojiandikisha jimboni. Ishirini na watano! Mtu anayekuja na orodha yenye mashimo siku ya mwisho saa tisa alasiri, na huyo mpeni alama yake, hata kama bendera yake ndiyo yangu.

Kule Kisimani bahari imekula mji wa kale, na kila mwaka inamega tena ufuko. Safari hii nimeikuta minazi miwili imelala majini ambayo nilipokuwa mdogo tulikuwa tukiipanda. Hakuna mgombea hata mmoja niliyewahi kumsikia akiitaja. Hilo nalo liandikeni kwenye karatasi mtakayomtumia mama.

Haya, maswali. Wewe wa kofia nyekundu, anza.